Magazeti ya zamani, mambo ya mtaani na maisha ya wanafunzi: maswali ninayoulizwa kila siku

Tangu watu wajue kwamba wikiendi zangu nyingi zinaishia kwenye magazeti ya zamani, maswali ni yaleyale, mengine naulizwa hata kwenye daladala nimeshika bomba. Nimeyakusanya hapa. Kama jibu limeshatolewa kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sirudii, vidole vinauma.

## Ya mwanzo mwanzo

1. Ukisema magazeti ya zamani unamaanisha ya lini na ya wapi?

Naongelea ya Tanganyika na Zanzibar, baadaye Tanzania, kuanzia yale ya wamisheni miaka ya 1880 mwishoni mpaka 1978 hivi. Nimekomea 1978 kwa sababu ile migogoro mikubwa ya chuo kikuu ninayoulizwa sana inaishia hapo, na kiukweli macho nayo yamechoka. Kenya na Uganda nimezigusa kidogo swali la 15.

2. Gazeti gani la zamani kabisa lina habari za wanafunzi?

Anza na Msimulizi. Lilianza 1888 pale Kiungani, Unguja, kwenye chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisheni wa Kianglikana wa UMCA. Yaani hapa usitegemee mwandishi wa habari anakuja shuleni na kalamu yake, wenyewe wanachuo na wenzao waliokwisha kumaliza na kutawanyika kwenye vituo vya misheni ndo walikuwa wanaandikiana, nani kafundishwa nini, nani kahamishiwa wapi, nani kafa. Baadaye kidogo, miaka ya 1890, wamisheni haohao wakatoa Habari za Mwezi huko Magila, Ubondei.

Halafu ndo ikaja Kiongozi, Tanga, 1904, chini ya shule ya serikali ya Wajerumani. Lilidumu mpaka vita kuu ya kwanza ilipolikata mwaka 1916. Waliosoma pale Tanga walikuwa wanapelekwa bara kuwa makarani, walimu na maakida, na wakifika huko wanaandika barua gazetini kueleza mji alioukuta una nini, mvua ikoje, simba kala watu wangapi, nani kafika safari. Kwa hiyo habari za mitaa kwenye magazeti ya Kiswahili kwa sehemu kubwa zimeanzishwa na wanafunzi wa zamani wanaokumbuka shule, jambo ambalo watu wengi hawalijui. Mi ndo maana siwezi kutenganisha mambo ya mtaani na ya wanafunzi, yametoka tumbo moja.

Tahadhari: kuna Kiongozi lingine, la Wakatoliki, lililoanza 1950. Usichanganye. Nimeshaona mtu ananukuu la pili akidhani ni la Wajerumani.

3. Nisome gazeti gani kwa miaka gani?

Inategemea unatafuta nini, ila kwa kifupi: kabla ya vita ya kwanza una hayo niliyotaja juu, pamoja na Pwani na Bara la Walutheri lililoanza 1910. Baada ya hapo mfalme ni Mambo Leo, la kila mwezi, lililoanza Januari 1923 likitolewa na idara ya elimu ya serikali ya Kiingereza. Hilo ukilishika huliachi, mashairi, habari za miji, barua, hadithi, mambo ya kilimo, na wasomaji wanavyochambana humo utacheka. Shaaban Robert mwenyewe mashairi yake yalikuwa yanatoka humo.

Ukitaka sauti isiyo ya serikali kwa wakati huo tafuta Kwetu, la Erica Fiah, Mganda aliyekuwa anaishi Dar es Salaam, lilianza Novemba 1937. Huyo bwana alikuwa anaandika kuhusu mishahara ya Waafrika na shida za mjini bila kumung'unya. Kwa Kiingereza kulikuwa na Tanganyika Standard kuanzia 1930, la walowezi na wafanyabiashara, Mwafrika humo alionekana zaidi kwenye habari za mahakamani.

Kuanzia 1959 unalo Ngurumo, la mtu binafsi, Randhir Thaker, ambalo ndo gazeti la mtaa hasa, lilidumu mpaka 1976. Uhuru la TANU lilianza wakati wa uhuru, na dada yake wa Kiingereza The Nationalist akaja 1964. Daily News lilizaliwa tarehe 26 Aprili 1972, sikukuu ya Muungano, baada ya Standard na Nationalist kuunganishwa.

Kwa Zanzibar kabla ya mapinduzi kulikuwa na magazeti mengi kuliko unavyofikiri, Al-Falaq, Mwongozi, Afrika Kwetu na mengine, kila chama na kila jumuiya na lake.

4. Kwa nini kila mara unasisitiza mwenye gazeti ni nani?

Kwa sababu tukio lilelile linabadilika sura. Mambo Leo la serikali halitakuandikia kwamba walimu wanalalamika mshahara kwa ukali aliokuwa nao Fiah. Uhuru na Nationalist ni ya chama, kwa hiyo mwanafunzi akigombana na serikali anaingia gazetini tayari ana hatia. Standard lilitaifishwa tarehe 5 Februari 1970, Nyerere akamweka Frene Ginwala wa Afrika Kusini kuwa mhariri, na kuanzia hapo ukisoma Standard unasoma gazeti la umma, siyo lile la mwaka 1965 hata kama jina na herufi pale juu ni zilezile. Watu wengi wanakosea hapo.

## Mtaani

5. Habari za mtaani zilikuwa zinaandikwa na nani? Walikuwa na waandishi kila mji?

Hapana bwana. Nyingi zililetwa kwa barua. Karani wa posta wa Kilosa, mwalimu wa Songea, mtu wa hospitali wa Mwanza, anaandika kwa mwandiko mzuri, anapeleka posta, mwezi mmoja au zaidi baadaye inatoka. Kwa hiyo waliopata sauti ni waliojua kusoma na kuandika na waliokuwa na hela ya stempu. Mkulima, mchukuzi, mama muuza vitumbua, hao wanaandikwa, hawaandiki. Kumbuka hilo ukisoma barua inayolalamika kwamba "wahuni wamejaa mjini", mwandishi ni mtu mwenye ajira anayewaona wasio na ajira.

Ngurumo lilibadilisha hilo kidogo kwa sababu lilikuwa la bei ya chini na lugha yake ni ya barazani, habari fupifupi, ugomvi wa wapangaji, mchawi kakamatwa, basi limeua, mke kamkuta mumewe sehemu. Wasomi wakati huo walikuwa wanalidharau. Leo ukitaka kujua Dar es Salaam ya 1965 ilikuwa inaongea nini jioni, huwezi kulipita.

6. Mbona kila barua kwa mhariri inaanza vilevile?

Ndo ilikuwa adabu. Unaomba nafasi kwanza katika gazeti lake maarufu, unasema nawe utoe machache uliyonayo, halafu ndo unachinja. Nimeona barua inayomaliza aya nzima kumsifu mhariri, halafu iliyobaki ni kumtukana jirani bila kumtaja. Usizirukie hizo sentensi za mwanzo. Mara nyingi ndo humo mtu anataja anatoka wapi na ni nani, "mimi mwanafunzi wa darasa la nane", "mimi mfanyakazi wa reli", na hiyo ndo dhahabu kwako unayetafuta historia.

Na majibizano ya mashairi nayo ni barua tu, zimevaa kanzu. Mtu anauliza kwa shairi kama mahari kubwa ni halali, wenzake wanamjibu kwa vina na mizani miezi mitatu.

7. Kuna maneno siyaelewi: hela, rupia, skuli, liwali, bwana shauri.

Rupia ilikuwa pesa ya Wajerumani, na kuanzia 1904 ikagawanywa kwa heller 100, hapo ndo tumepata "hela" tunayoitafuta usiku na mchana. Shilingi ilikuja na Mwingereza mwanzoni mwa miaka ya 1920. "Shule" tumeichukua kwa Mjerumani, "skuli" kwa Mwingereza, na ndo maana Unguja mpaka leo mtoto anakwenda skuli wakati Tanga anakwenda shule. "Chuo" kwenye gazeti la zamani sana inaweza kuwa chuo cha Kurani, usikimbilie kudhani ni chuo kikuu.

Liwali, akida na jumbe ni watawala wa chini ya Mzungu, bwana shauri ni mkuu wa wilaya, Mzungu mwenyewe. Ukifika miaka ya 1960 utakutana na "wabenzi", hao ni wakubwa wapya wenye magari ya Benz. Hilo neno lilikuwa linauma kuliko tusi.

8. Operesheni Vijana ni nini? Kila nikifungua gazeti la 1968 nakutana nayo.

Hapa kaa vizuri. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU mkoa wa Dar es Salaam ulipitisha azimio la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana, kuanzia tarehe 1 Januari 1969, eti ni utumwa wa utamaduni wa kigeni. Hata kabla hiyo tarehe haijafika vijana wakaanza utekelezaji wao wenyewe Kariakoo, wasichana wanashushwa kwenye mabasi, wanazomewa, wanachaniwa nguo, polisi ikabidi waingie.

Sasa kilichotokea magazetini ndo kitamu. Barua zilimiminika Standard, Uhuru, Ngurumo, kila mtu ana la kusema. Wengine wanashangilia. Wengine wanauliza huo utamaduni wetu ni upi hasa, maana bibi zetu walivaa ngozi na hakuna aliyewazomea, na mbona hatuoni mtu akizuia suti ya Mzungu. Na wakati uleule serikali ilikuwa inawasukuma Wamasai waache rubega wavae suruali, kwa hiyo mmoja anakatazwa kuvaa kigeni mwingine analazimishwa, na wasomaji hawakuwa wajinga, waliliona hilo wakaliandika.

Maoni yangu, na unaweza kuyakataa: ukisoma barua nyingi za waliounga mkono utaona sketi ni kisingizio, hasira yenyewe ni kwamba msichana ana kazi ya ofisini, ana mshahara wake, anapanda basi peke yake, na kijana wa kiume amekaa kijiweni.

## Shuleni na chuoni

9. Maisha ya kawaida ya mwanafunzi nitayapata ukurasa gani? Mbona naona migomo tu?

Kwa sababu unasoma ukurasa wa kwanza. Mwanafunzi anafika ukurasa wa kwanza akigoma, akifukuzwa, akifa au akipokewa na rais. Siku nyingine zote yuko ndani, chini, pembeni.

Angalia orodha za waliochaguliwa kuendelea na masomo, majina yamepangwa kama mchele kwenye ungo, hapo utajua shule gani ilikuwa inapeleka wangapi na kwamba kwenye wilaya nzima kuna wasichana wawili. Angalia safu ya marafiki wa kalamu, kijana wa sekondari anaandika anapenda mpira, muziki na kubadilishana stempu, na anatafuta rafiki wa Ghana au Uchina, ile safu peke yake inakuonyesha dunia ilivyoonekana kutoka bwenini. Angalia michezo, mechi za shule kwa shule. Angalia na matangazo, baiskeli, kalamu za wino, redio, vitabu vya kujifunza kwa posta vinavyoahidi utakuwa karani ndani ya miezi sita.

Na barua za kulalamikia chakula! Maharage yenye wadudu yana historia ndefu kuliko vyama vyetu vyote. Makerere kwenyewe, ambako ndo Watanganyika wa kwanza kwenda chuo walikuwa wanapelekwa, wanafunzi waligoma mwaka 1952 kwa ajili ya chakula.

10. Chuo kikuu cha Dar es Salaam kilianzaje, na magazeti yalikipokeaje?

Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita tu kabla ya uhuru, siyo Mlimani kilipo sasa bali mjini mtaa wa Lumumba kwenye jengo la TANU. Kitivo kimoja, sheria, wanafunzi kumi na wachache (kuhusu idadi angalia swali la 19), mwanamke mmoja tu, Julie Manning, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa sheria. Wakati huo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, halafu 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili kinachojitegemea.

Magazeti ya miaka ya mwanzo yalikuwa yanawabembeleza wanafunzi kama mtoto wa kwanza. Picha za majoho mekundu, hotuba, tumaini la taifa. Soma hizo kwanza kabla hujaenda swali linalofuata, la sivyo hutaelewa kwa nini kibao kilipogeuka kiligeuka kwa nguvu vile.

11. Nini kilitokea Oktoba 1966?

Hili ndo swali namba moja. Serikali ilileta mpango wa kuwalazimisha wahitimu waende Jeshi la Kujenga Taifa karibu miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini, halafu inayobaki wanafanya kazi zao wakichukua asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakakataa. Jumamosi tarehe 22 Oktoba 1966 wakaandamana wakiwa na majoho yao mpaka Ikulu, wa chuo kikuu na wa vyuo vingine vya mjini, wamebeba mabango, na moja lilisema kwamba afadhali hata wakati wa ukoloni.

Lile bango ndo liliwamaliza. Nyerere aliwasikiliza risala yao, akajibu bila karatasi, na kadiri alivyoendelea ndo hasira ilivyopanda, akasema mishahara ya wakubwa ni kweli ni mikubwa mno na ataanza na wa kwake, akaukata asilimia 20 palepale, halafu akawafukuza warudi makwao. Namba inayotajwa zaidi ni wanafunzi 393. Wengi waliruhusiwa kurudi mwaka uliofuata baada ya kuomba radhi. Na Februari 1967, miezi mitatu na nusu tu baadaye, likaja Azimio la Arusha, halafu Machi Elimu ya Kujitegemea. Ukipanga magazeti ya miezi hiyo sita mezani kwa mfululizo unaona kabisa moja linasukuma lingine.

12. Baada ya 1966 mbona magazeti yanawaita wanafunzi majina mabaya?

Kwa sehemu jibu liko swali la 4. Lakini siyo chama tu kilichowasema, na hapa ndo huwa nabishana na wazee waliokuwepo. Barua za wasomaji wa kawaida zilikuwa kali mno. Mtu anaandika kwamba mwanawe kakosa darasa la tano kwa kukosa nafasi, halafu kuna mtu amelishwa na kulazwa bure anakataa kukaa kambini miezi mitano. Mhariri anaweza kuchagua barua, kweli, ila siamini kwamba ile hasira ilitungwa ofisini.

Upande wa pili nao una haki yake ya kusikilizwa, na gazetini haupo. Wanafunzi walikuwa wanahoji kwa nini wao wakatwe wakati wabenzi wanakula, na lile hoja Nyerere mwenyewe alilikubali kwa vitendo, lakini ukisoma vichwa vya habari utadhani waliandamana kwa sababu wanaogopa jembe. Hoja yao utaipata kwenye machapisho yao wenyewe (swali la 13) na kwa wazee walio hai, wahojini jamani.

Linganisha na mwaka uliofuata. Vijana walipotembea kwa miguu kutoka mikoani kuunga mkono Azimio, na mmoja wao, Seti Benjamin, akafia njiani, magazeti yaleyale yaliandika kwa machozi, mpaka shule ikaitwa kwa jina lake. Mwanafunzi mzuri anatembea kuunga mkono, mbaya anatembea kupinga. Miguu ileile.

13. Cheche lilikuwa gazeti la nani, na mgogoro wa Akivaga ni upi?

Cheche lilikuwa jarida la wanafunzi wa mrengo wa kushoto pale Mlimani, lilianza mwishoni mwa 1969 na kupigwa marufuku Novemba 1970. Sababu iliyotolewa ni kama kichekesho, kwamba jina lina harufu ya Urusi, maana Lenin alikuwa na gazeti la jina hilo, na Tanzania inajenga ujamaa wake yenyewe. Jarida la kuisifu siasa ya ujamaa linafungiwa na serikali ya ujamaa. Hapo tena ndo unaona kwamba kuwa upande mmoja na serikali hakutoshi kama hukuomba ruhusa.

Akivaga ni Simon Akivaga, Mkenya, rais wa serikali ya wanafunzi. Julai 1971 aliandika barua ya wazi kwa makamu mkuu wa chuo, Pius Msekwa, kulalamikia uongozi wa chuo kutowasikiliza. Askari wa kutuliza ghasia wakaja Mlimani kumkamata mbele ya wenzake, akarudishwa Kenya, wanafunzi wakagoma. Ukisoma hii habari linganisha Standard, ambalo wakati huo ni la serikali, na Nationalist, na uangalie nani anaandika "mwanafunzi wa kigeni" mara ngapi.

14. Na 1978?

Kwanza ujue kwamba Azimio la Musoma la 1974 lilishabadilisha aina ya mwanafunzi. Kuingia chuo kikuu ilibidi kwanza ufanye kazi na upate barua ya kazini na ya chama, kwa hiyo kina kaka na dada wa 1978 wengi walikuwa watu wazima wenye familia, siyo watoto wa sekondari.

Jumapili tarehe 5 Machi 1978 waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi. Mamia walifukuzwa. Kichekesho kichungu ni kwamba 1966 walifukuzwa kwa kuonekana wanataka kula peke yao, 1978 wakafukuzwa kwa kusema wakubwa ndo wanakula peke yao.

15. Kenya na Uganda je?

Kwa Kiswahili tafuta Baraza la Nairobi, lililoanza 1939. Kwa habari za wanafunzi angalia Januari 1969, chuo cha Nairobi kilipofungwa baada ya wanafunzi kugomea kuzuiwa kwa Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, kuja kuzungumza nao. Makerere nimeitaja swali la 9. Zaidi ya hapo muulize mwenye boksi la Nairobi, langu ni la Dar.

## Kuyatafuta

16. Niende wapi kuyasoma?

Dar es Salaam, maktaba ya Chuo Kikuu ina sehemu ya East Africana, Nyaraka za Taifa ziko Upanga, na Maktaba Kuu iko barabara ya Bibi Titi Mohamed. Zanzibar nenda Nyaraka za Taifa za Zanzibar, Kilimani. Beba kitambulisho, barua ya utambulisho na penseli, kalamu ya wino iache mlangoni. Mgeni wa nje ya nchi anayefanya utafiti aanze na kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Kama uko ughaibuni, chuo cha SOAS cha London na maktaba ya utafiti ya CRL ya Chicago wana magazeti mengi ya Afrika kwenye maikrofilamu. Ile mashine inaumiza shingo, chukua mapumziko.

17. Najua tarehe ya tukio lakini gazeti la siku hiyo halina kitu. Nimekosea?

Hujakosea, gazeti la asubuhi limechapwa usiku kabla tukio halijatokea. Ongeza siku moja. Na angalia siku ya wiki: maandamano ya 22 Oktoba 1966 yalikuwa Jumamosi, kwa hiyo tafuta magazeti ya Jumapili, ambayo mengi yalikuwa na jina lake tofauti na huwa yanafungwa kwenye jalada jingine, halafu Jumatatu tarehe 24. Ya 1978 ilikuwa Jumapili, anza Jumatatu tarehe 6 Machi. Kwa Mambo Leo ongeza mwezi mzima au miwili. Mtu mmoja alinilalamikia wiki nzima kwamba habari imefichwa, kumbe yuko kwenye jalada la Jumamosi.

18. Ngurumo mbona halipatikani kirahisi?

Lilikuwa gazeti la watu wa kawaida, na kwa mtu wa kawaida gazeti lililosomwa lina kazi nyingine. Limefungia karanga, limebandikwa ukutani kuzuia vumbi, limewashia mkaa, na mengine ya chooni tusiseme. Yaliyobaki ni yale yaliyowahi kufungwa maktaba, na yana matundu, kuna miezi haipo. Kama kwenu kuna sanduku la bibi lenye magazeti chini ya vitenge, tafadhali usilichome kabla hujafungua. Mi la kwangu nililipata hivyohivyo.

## Ya pembeni

19. Gazeti moja linasema wanafunzi wa kwanza 1961 walikuwa 13, jingine 14. Niamini lipi?

Andika zote mbili na useme zimetoka wapi. Tofauti kama hizi kawaida zinatokana na mtu aliyejiandikisha akachelewa kufika, au aliyefika akaondoka, na mwandishi kahesabu siku yake. Usichague namba kwa sababu inapendeza.

20. Gazeti halikuandika kabisa kitu ambacho babu yangu anasema kilitokea shuleni kwao. Babu anadanganya?

Usimuonee mzee. Mgomo wa shule ya bweni huko mkoani ulikuwa unaweza kuisha bila mstari hata mmoja, mkuu wa shule hataki ijulikane, mwandishi hayuko, mwalimu anayeandikiaga gazeti ndo huyohuyo anayegomewa. Tafuta mafaili ya idara ya elimu kwenye nyaraka, barua za mkuu wa shule kwenda kwa afisa elimu. Na umrekodi babu leo, siyo wiki ijayo.

21. Nimemkuta ndugu yangu kwenye habari za mahakamani, wizi wa baiskeli. Niiweke kwenye historia ya familia?

Kwanza hakikisha ni yeye, majina yanafanana mno. Pili tafuta hukumu, maana gazeti linapenda siku ya kushitakiwa na linasahau siku ya kuachiwa. Mi niliwahi kumtangaza mjomba kwenye arusi kama mwizi wa 1957, mezani, mbele ya wakwe, na miezi mitano baadaye nikakuta kijihabari cha mistari minne kwamba kaachiwa huru. Ilibidi nimpelekee kitenge shangazi na fotokopi.

22. Mama yuko kwenye orodha ya waliochaguliwa lakini jina limeandikwa vibaya, na shule siyo yake. Nifanyeje?

Wachapaji walikuwa wanapanga herufi moja moja usiku, na orodha zina majina mamia, kwa hiyo Mwanaidi anakuwa Mwanaisi na mistari miwili inapandana. Angalia matoleo ya siku mbili tatu zinazofuata, huwa kuna masahihisho madogo chini kabisa, karibu na tangazo la nyumba inayopangishwa. Ukikosa, muulize mama mwenyewe nani alimletea lile gazeti siku ile na walikaa wapi kulisoma. Wa kwangu alikumbuka mpaka rangi ya baiskeli ya aliyelileta.